Feni ya kikaushio cha dagaa inashtuka: namna ya kuona muda wa intarapti na taski kwenye STM32

MtamboKibirizi

Wakuu, habari za kazi.

Kuna kikaushio cha dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, kinaendeshwa na bodi ya STM32F103C8 (ile ndogo ya bluu) kwa 72 MHz, FreeRTOS (programu inayogawa kichakato kwa kazi kadhaa, yaani taski), tiki ya 1 ms. Feni ni ya 230 V. Kasi yake inapunguzwa na trayaki BTA16 (swichi ya umeme wa AC) inayosukumwa na MOC3021. Umeme ukivuka sifuri, optokapla H11AA1 (inapitisha ishara kwa mwanga, bila waya kuungana) inatoa pigo kwenye PA6, intarapti ya EXTI (inayokatiza programu pini inapobadilika) inaanzisha taima, na taima ikifika 6.8 ms geti la trayaki linapigwa. Sensa ni DHT22 moja, inasomwa kila sekunde 2. Modemu ya SIM800L iko USART2 kwa 9600, inapokea amri kwa SMS. Taski ni tatu: sensa, udhibiti, modemu.

Dalili ni hizi:

Feni inashtuka. Mshtuko wa kwanza mdogo, wa pili unafuata baada ya sekunde mbili na ni mkubwa, unausikia "dum" kwenye bati. Kisha kimya cha kama sekunde nane, halafu vinarudi viwili tena. Kasi ikipunguzwa, mishtuko inazidi.

SMS nyingine zinafika zikiwa na herufi pungufu katikati.

Saa ya kumbukumbu inabaki nyuma kama dakika moja na nusu kwa siku.

Nikiweka printf ndani ya intarapti ili nione muda, mishtuko inabadilika mpangilio na kuwa mingi. Nikiweka brekipointi, kila kitu kinasimama na feni inanguruma tu. Kwa hiyo njia zote mbili hazinionyeshi kitu cha kweli. Ninachotaka ni kuona kwenye mstari mmoja wa wakati: intarapti ipi iliingia lini, taski ipi ilikuwa inakimbia, nani alimzuia nani. Vifaa vilivyopo: ST-Link ya bei rahisi, lojiki analaiza ya chaneli 8 ya 24 MHz, laptop ya Linux. Osiloskopu hakuna.

Mbalamwezi imeanza, mitumbwi imepumzika, kwa hiyo mtambo unaweza kufunguliwa sasa kabla giza halijarudi.

---

SakitiTabora

Mkuu, vifaa ulivyonavyo vinatosha kabisa.

Kwanza kwa nini printf ilikudanganya. Kwa 115200 kila herufi ni biti 10, yaani 86.8 µs. Mstari wa herufi 40 unakula karibu 3.5 ms, na nusu-mzunguko wako wa umeme ni 10 ms tu. Umeongeza kizuizi kikubwa kuliko kile unachokitafuta. Brekipointi nayo inasimamisha kichakato wakati umeme wa ukutani hausimami, kwa hiyo ukiendelea unakuta hali nyingine kabisa.

Tumia pini. Kuandika kwenye rejista ya BSRR (ya kupandisha na kushusha pini) ni amri chache za kichakato, haifiki hata robo ya mikrosekunde. Kila intarapti ipewe pini yake: mstari wa kwanza ndani ya intarapti unapandisha, wa mwisho unashusha.

```
void EXTI9_5_IRQHandler(void) {
    GPIOB->BSRR = 1u << 12;          /* PB12 juu */
    ... kazi yenyewe ...
    GPIOB->BSRR = 1u << (12 + 16);   /* PB12 chini */
}
```

Kwa taski usiweke pini kwa mkono ndani ya kila taski, maana hutaona pale inapoporwa kichakato na taski nyingine. FreeRTOS ina makro zinazoitwa kila taski inapoingia na kutoka. Kwenye FreeRTOSConfig.h weka:

```
#define configUSE_APPLICATION_TASK_TAG 1
#define traceTASK_SWITCHED_IN() \
   GPIOB->BSRR = (uint32_t)pxCurrentTCB->pxTaskTag
#define traceTASK_SWITCHED_OUT() \
   GPIOB->BSRR = ((uint32_t)pxCurrentTCB->pxTaskTag) << 16
```

Kisha mwanzoni mwa taski ya sensa: `vTaskSetApplicationTaskTag(NULL, (void*)(1u << 15));` Lebo ya taski ndiyo biti ya pini yake. Taski isiyo na lebo ina sifuri, na BSRR ikiandikiwa sifuri haifanyi lolote, kwa hiyo huna haja ya kuweka masharti. Hakikisha faili hilo linajumuisha stm32f1xx.h, la sivyo kompaila haitaijua GPIOB.

Sasa pini ambayo wengi huisahau, na kwa dalili zako naiona ndiyo muhimu kuliko zote: ipandishe kila mahali intarapti zinapofungwa, ishushe zinapofunguliwa. Tafuta `__disable_irq` kwenye mradi mzima, pamoja na maktaba ulizopakua. Fungua ya DHT22 uangalie.

Mpangilio wa chaneli ningeufanya hivi:

CH0 – waya wa PA6 wenyewe, yaani pigo la H11AA1
CH1 – PB12, intarapti ya kuvuka sifuri
CH2 – pini inayokwenda MOC3021
CH3 – PB14, intarapti zimefungwa
CH4 – PB15, taski ya sensa
CH5 – PB8, taski ya modemu
CH6 – PB9, taski ya idle (inakimbia pasipo na kazi nyingine)
CH7 – PA3, waya wa RX kutoka modemu

CH0 usiiache. Ukiwa na CH1 peke yake utaona intarapti zimekuja kwa 10, 10, 13, 7 ms na hutajua kama ni umeme ulioyumba au ni programu iliyochelewa. Chanzo na jibu lazima viwe kwenye picha moja. Umbali kutoka ukingo wa CH0 hadi ukingo wa CH1 ndio kuchelewa kwako.

Na hili ni la uhai: GND ya analaiza imeungana moja kwa moja na GND ya laptop. Waya zote nane na GND ziguse upande wa 3.3 V tu, upande wa pili wa H11AA1 na MOC3021. Usisogeze kibanio upande wa trayaki hata kwa kujaribu. Bandika tepu upande wote wa 230 V kabla hujawasha.

---

BintUjiji

Naongezea pale kaka wa Tabora alipoachia, mambo madogo yanayoharibu vipimo.

Usitumie `ODR ^=` kugeuza pini. Ile inasoma, inabadilisha, inaandika. Intarapti ikiingia katikati na kugusa pini nyingine ya GPIOB, mabadiliko yake yanafutwa na utaona pini "imekwama" juu. Utaanza kusaka hitilafu ambayo haipo. BSRR haina tatizo hilo.

PB3, PB4 na PA15 zinawaka zikiwa za JTAG. Ukizihitaji, izime JTAG kwenye AFIO na ubakize SWD ya ST-Link. PC13 yenye taa iache, haikusudiwi kuendeshwa kwa kasi wala kubeba mkondo. PB12 hadi PB15 zimepangana ukingoni mwa bodi, ndizo rahisi kubana.

Kasi ya sampuli: 4 MHz inatosha, hatua yake ni 0.25 µs. Ukiweka 24 MHz kwa chaneli 8, poti ya USB ikishughulika kidogo tu PulseView (programu ya analaiza kwenye laptop) inakata rekodi katikati. Chukua sekunde 20 kwa 4 MHz, ni sampuli milioni 80, laptop ya kawaida inabeba. Waya ziwe fupi, na GND ya analaiza ikae karibu na pini unazopima, la sivyo ukingo mmoja unajirudia kwenye chaneli jirani kama mwiba.

Kwenye PulseView weka dikoda ya UART juu ya CH7 kwa 9600. Na dikoda ya "Timing" juu ya CH3 ikupe muda kati ya ukingo na ukingo bila kupima kwa kishale. DHT22 nayo ina dikoda yake, inaitwa AM230x, ukipata chaneli ya ziada.

Kusoma picha: intarapti ikiingia, pini ya taski haishuki, kwa sababu FreeRTOS haijabadilisha taski. Kwa hiyo ukiona taski ya modemu iko juu 300 µs na ndani yake kuna intarapti mbili za 20 µs, taski imetumia 260. Pini ya idle ndiyo kipimo cha nafasi iliyobaki: idle ikiwa chini muda mrefu bila taski yoyote kuwa juu, kuna taski hujaipa lebo. Lebo ya idle iwekwe baada ya skedyula kuanza, kwa `xTaskGetIdleTaskHandle()`, na uwashe INCLUDE yake kwenye FreeRTOSConfig.h.

---

MtamboKibirizi

Asanteni sana. Maktaba ya DHT22 kweli ina `__disable_irq` kabla ya kuanza kusoma biti na `__enable_irq` mwishoni. Rekodi ya sekunde 20 imetoka safi. Nimeandika usomaji mitano mfululizo, jinsi PB14 ilivyokuwa:

```
usomaji  PB14 juu   sifuri ndani?  CH1 imechelewa  geti baada ya CH0
1        3.76 ms    hapana         1.5 µs          6.80 ms
2        3.76 ms    ndiyo          1.32 ms         8.12 ms
3        3.76 ms    ndiyo          3.31 ms         halikupigwa
4        3.76 ms    hapana         1.5 µs          6.80 ms
5        3.76 ms    hapana         1.5 µs          6.80 ms
```

Baada ya hapo mpangilio unajirudia. Wakati huo sensa ilikuwa inasoma unyevu 62.4 na joto 41.8. Umbali kati ya PB14 moja na inayofuata ni 2.002 s, si 2.000, ingawa natumia vTaskDelayUntil ya tiki 2000. Hilo ndilo sijalielewa. Na kwenye CH7 SMS inaonekana nzima kwenye waya, herufi zote zipo, lakini programu inapokea pungufu.

---

SakitiTabora

Rekodi nzuri sana hii. Dalili zako zote zimo humo, na chanzo ni kimoja.

Tuanze na 3.76 ms. DHT22 inajibu kwa 80 µs chini na 80 µs juu, halafu inatuma biti 40. Kila biti huanza na 50 µs chini. Biti ya 0 ina kama 27 µs juu, biti ya 1 ina 70 µs juu. Kwa hiyo 0 ni 77 µs na 1 ni 120 µs. Unyevu 62.4 unatumwa kama 624, yaani 0x0270. Joto 41.8 ni 0x01A2. Jumla ya kuhakiki ni 0x15. Hesabu biti zenye 1: ni 11. Basi 29 × 77 + 11 × 120 = 3553 µs, ongeza 160 za jibu na kama 30 za kusubiri, unapata 3.74 ms. Umepima 3.76. Hakuna muda mwingine uliofichika hapo, ni maktaba hiyo tu. (Na ndiyo maana upana wa PB14 utabadilika kidogo unyevu ukibadilika.)

Sasa mishtuko. Umeme ukivuka sifuri wakati PB14 iko juu, intarapti inasubiri hadi PB14 ishuke. Usomaji wa 2 ulichelewa 1.32 ms, geti likapigwa 8.12 badala ya 6.80, nusu-mzunguko ule ukapata nguvu kidogo: huo ndio mshtuko mdogo. Usomaji wa 3 ulichelewa 3.31. Ongeza 6.80 unapata 10.11 ms, yaani kabla geti halijapigwa sifuri inayofuata imeshafika na intarapti yako imeianzisha taima upya. Nusu-mzunguko mzima ukapotea. Motor ikapata upande mmoja tu wa wimbi, ndiyo "dum". Na kwa nini inazidi kasi ikipungua: kasi ndogo maana yake unasubiri zaidi. Ukisubiri 8 ms, kuchelewa kwa 2 ms tu kunatosha kupoteza nusu-mzunguko.

Kuhusu 2.002. Tiki ya FreeRTOS inatoka SysTick, nayo ni intarapti kama nyingine. Taski yako inaamka kwenye tiki, inashusha waya wa DHT22 zaidi ya 1 ms kidogo, kisha inafunga intarapti kwa 3.76 ms. Ndani ya muda huo SysTick inalia mara tatu, lakini kichakato kinakumbuka ombi moja tu lililosubiri. Mbili zinapotea. Kwa hiyo tiki 2000 zako zimechukua 2002 ms. Milisekunde 2 kwa kila sekunde 2 ni 0.1 %, ambayo kwa siku ni sekunde 86: ile dakika moja na nusu ya saa yako.

Hizo hizo 2 ms ndizo zinazopanga mishtuko. Kila usomaji unasogea 2 ms ukilinganisha na wimbi la umeme, na nusu-mzunguko ni 10 ms, hivyo unarudi mahali pale baada ya usomaji mitano. Dirisha la 3.76 ms likisogea kwa hatua za 2 ms linaikumba sifuri karibu mara mbili katika tano. Mishtuko miwili, kimya cha sekunde nane. Kwenye jenereta, ambako mzunguko hauko 50 Hz sawasawa, mpangilio utakuwa mwingine, usije ukadhani ni hitilafu mpya.

SMS: kwa 9600 baiti moja ni 1.04 ms. USART ya F103 ina rejista moja ya data na nyingine ya kupokelea, basi. Ndani ya 3.76 ms zinafika baiti tatu au nne, ya kwanza inahifadhiwa, zilizobaki zinakanyagana na bendera ya ORE (baiti imepotea) inawaka. Na kama unatumia `HAL_UART_Receive_IT`, HAL (maktaba ya ST) ikiona ORE inasimamisha kupokea kabisa mpaka uianzishe tena kwenye ErrorCallback. Lichunguze na hilo.

Dawa ya leo leo: kwenye maktaba badilisha `__disable_irq` iwe `taskENTER_CRITICAL` na mwenzake. Hiyo inazuia tu intarapti zenye kipaumbele cha namba 5 na zaidi (kama configLIBRARY_MAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY yako ni 5). EXTI9_5 na ile ya taima zipe 2. Kwenye Cortex-M namba ndogo ndiyo kipaumbele kikubwa. Masharti: ndani ya intarapti hizo mbili usiite kitu chochote cha FreeRTOS, hata zile zinazoishia na FromISR. DHT22 itavumilia kukatizwa mikrosekunde chache, maana tofauti ya 27 na 70 ni kubwa.

Lakini hiyo inaponya feni tu. SysTick na USART bado zitafungwa, saa itaendelea kubaki nyuma na SMS zitaendelea kung'oka herufi. Ukitaka kumaliza, usifunge intarapti kabisa.

---

BintUjiji

Hapo kwenye kutofunga kabisa, njia ni kuiachia taima na DMA (inayohamisha data bila kichakato) zisome DHT22.

Hamishia waya wa data PB6, ambayo ni TIM4 chaneli ya 1. Taima ihesabu 1 µs (PSC 71), inase kila ukingo wa kushuka, na DMA1 chaneli ya 1 ipeleke kila thamani kwenye safu ya uint16_t 42. Taski inashusha waya kidogo zaidi ya 1 ms, inageuza pini kuwa ingizo, inawasha DMA, inalala 10 ms kwa vTaskDelay, kisha inarudi kuhesabu. Kingo ni 42: mmoja wa jibu, 40 za mwanzo wa kila biti, mmoja wa mwisho. Toa kila thamani kutoka inayofuata. Tofauti ya kwanza iwe karibu 160, itupe. Arobaini zinazobaki: chini ya 100 ni 0, juu yake ni 1. DMA ikiwa imenasa pungufu ya 42, tupa usomaji wote na usubiri sekunde 2 nyingine. DHT22 haipendi kuulizwa mapema zaidi ya hapo.

Kwa nini TIM4 na si TIM3: TIM3 chaneli ya 1 inatumia DMA1 chaneli ya 6, ambayo ndiyo hiyo hiyo ya USART2 RX. Utaihitaji kwa modemu. USART2 RX iwe DMA ya duara yenye bafa ya baiti 256, na intarapti ya IDLE ya USART (waya ukinyamaza, si taski ya idle) iiamshe taski ya modemu. ADC1 nayo iko chaneli ya 1, kwa hiyo kama kuna ADC yenye DMA kwenye bodi hiyo zitagongana na TIM4. Kwa ulivyoeleza haipo.

---

ReliYaKati

Mimi naona feni yenyewe isipite kwenye programu kabisa. Hata ukiondoa DHT22, kesho mtu ataongeza skrini au kadi ya SD na kufunga intarapti kidogo tu, "dum" inarudi. TIM3 inaweza kufanya kazi yote peke yake: PA6 tayari ni TIM3 chaneli ya 1, na PA7 ni chaneli ya 2, ipeleke kwa MOC3021.

PSC = 71. CR1: OPM = 1. CC1S = 01, ingizo. SMCR: TS = 101, SMS = 110, yaani ukingo wa PA6 unaanzisha kihesabu. OC2M = 111, PWM ya aina ya 2: pini inakaa chini mpaka CCR2, inakuwa juu mpaka ARR, kihesabu kinasimama. CCR2 ni muda wa kusubiri kwa µs, ARR ni CCR2 + 500. Pigo la 100 µs linatosha kwa taa, lakini motor ni koili, mkondo unapanda taratibu, na geti likiachwa mapema trayaki inazimika. Washa OC2PE na ARPE ili thamani mpya zishike mwisho wa mzunguko, si katikati. CCR2 isizidi 9000.

H11AA1 inatoa pigo lenye upana, na sifuri halisi iko katikati yake, si kwenye ukingo wa kupanda. Pima upana huo kwenye CH0, ugawe kwa mbili, uongeze kwenye CCR2.

Kitu kingine. Laptop haiwezi kukaa Kibirizi kwenye moshi na chumvi ya dagaa ikisubiri hitilafu inayotokea usiku. Kwa hiyo kumbukumbu ya matukio iwekwe ndani ya RAM. Cortex-M3 ina kihesabu cha mapigo ya saa, CYCCNT:

```
CoreDebug->DEMCR |= CoreDebug_DEMCR_TRCENA_Msk;
DWT->CYCCNT = 0;
DWT->CTRL |= DWT_CTRL_CYCCNTENA_Msk;

static inline void weka(uint32_t id) {
    if (simama) return;
    uint32_t p = __get_PRIMASK();
    __disable_irq();
    uint32_t i = n++ & 511;
    bafa[i].t  = DWT->CYCCNT;
    bafa[i].id = id;
    __set_PRIMASK(p);
}
```

Matukio 512 ya baiti 8 ni KB 4 kati ya 20 za bodi. Kufungwa kwa intarapti humo hakufiki mikrosekunde moja. Jambo la maana ni `simama`: pale unapogundua kosa (ORE imewaka, au DMA imenasa kingo pungufu ya 42), acha matukio 64 zaidi yaingie kisha uifunge bafa. Hapo una kilichotangulia na kilichofuata. Ukifika na ST-Link, unganisha bila kuirizeti bodi, kwenye gdb andika `dump binary value bafa.bin bafa`, na skripti fupi ya Python iigeuze kuwa VCD (faili la picha ya mawimbi):

```
$timescale 1 us $end
$var wire 1 ! sifuri $end
$var wire 1 " sensa $end
$enddefinitions $end
#0
0!
0"
#6240
1!
#6243
0!
```

GTKWave inaifungua bila intaneti, picha ni ile ile kama ya analaiza.

CYCCNT inajaa na kurudi sifuri kila sekunde 59.65 kwa 72 MHz. Kutoa kwa uint32_t kunavumilia mzunguko mmoja, kwa hiyo weka tukio la kawaida kila sekunde 10 ili skripti isipotee. Na kama idle yako inalaza kichakato kwa WFI, kihesabu kinaweza kusimama pamoja nacho. Kwenye jaribio, iondoe WFI.

SystemView ya SEGGER inafanya haya yote kwa sura nzuri zaidi, lakini kwa bodi ya RAM ya KB 20 yenye taski tatu, pini na bafa hii vinakutosha.

---

MtamboKibirizi

Nimeweka TIM3 na TIM4 zote mbili, EXTI imeondolewa. PB14 haipandi tena, umbali wa usomaji umekuwa 2.000, na geti linakaa 6.80 kwenye rekodi nzima. Modemu kwa DMA inapokea SMS nzima.

Limebaki moja. Ikiwa kwenye jenereta, CH0 inaonyesha kingo mbili au tatu zimebanana mwanzoni mwa pigo la H11AA1, na mara chache geti linapigwa mara ya pili mapema, pigo la kwanza likishaisha. Optokapla imevutwa juu kwa kilo-ohm 10 kwenda 5 V.

---

ReliYaKati

Mkuu, kwanza itoe hiyo 5 V. PA0 hadi PA7 kwenye F103 hazivumilii 5 V. Ivute kwenda 3.3 V, na ushushe kilo-ohm 10 iwe 4.7 ili ukingo upande haraka.

Kisha washa kichujio cha ingizo cha TIM3: IC1F = 1111. Hiyo inataka sampuli 8 zinazofanana, kila moja baada ya mapigo 32, yaani 3.6 µs. Ukiona bado kingo zinapenya, weka CKD = 10 kwenye CR1, inakuwa 14.2 µs. Kuchelewa huko ni kule kule kila mara kwa hiyo feni haitahisi.

Kingo zilizobanana mwanzoni mwa pigo haziwezi kuleta geti la pili, kwa sababu kihesabu kikishaanza TIM3 haisikilizi triga mpaka kifike ARR. Geti la pili linatoka kwenye ukingo unaokuja baada ya 7.3 ms. Sogeza kishale hapo kwenye CH0: ukikuta mwiba mwembamba, huenda ni kelele ya trayaki inayorudi kupitia waya wa H11AA1. Weka ohm 39 na nanofaradi 10 ya daraja la X2, zikiwa zimefuatana kwenye waya mmoja, sambamba na trayaki, na waya wa optokapla uutenganishe na waya wa feni.